Sampuli Hazirudishwi

Ndalahwa alikuwa na kampuni tatu, na zote zilikaa kwenye begi moja. Ndani yake mlikuwa na muhuri wa Ndugu Wawili, muhuri wa Neema ya Ziwa na muhuri wa Abdillah na Wanawe. Katika Ndugu Wawili hapakuwa na ndugu wa pili. Ziwa lenyewe halikuwa na habari na hiyo neema. Na huyo Abdillah hakuwahi kuzaliwa, achilia mbali kupata wana.

Msimcheke mapema. Ofisi inayojiheshimu hainunui hata fagio bila proforma tatu, yaani hati za makadirio ya bei, kutoka kwa wazabuni watatu tofauti, ili ushindani uwe wa haki. Ndalahwa aliisaidia hiyo haki. Alikuletea proforma zote tatu kwa mkono wake mwenyewe: moja ya bei kali, moja ya bei kali zaidi, na moja ya bei ya kuumiza kidogo tu. Ukachagua hiyo ya kuumiza kidogo, ukamshukuru. Kwa mtindo huo alikuwa ameuza chaki, matairi na sare za walinzi kwa miaka tisa bila kumiliki hata meza ya genge.

Jumatatu moja alikuwa Mkuyuni kwa mama ntilie, chai mkononi, ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazabuni. Hoteli mpya ya vyumba sitini, mtaa wa Pasiansi, inatafuta msambazaji wa vitanda, magodoro na shuka. Waombaji wafike ofisini na nyaraka zao.

"Sitini!" Ndalahwa akaropoka. "Mama, hiyo chapati nifungie. Nimeitwa."

"Umeitwa na nani?"

"Na riziki, mama. Mwingine nani atanihangaikia asubuhi yote hii?"

Ofisi ya Pasiansi ilikuwa chumba kimoja kwenye jengo linalonuka rangi mbichi. Ukutani palikuwa na mchoro wa hoteli, kwenye kona sanduku la zabuni lenye kufuli mbili, na nyuma ya meza alikaa afisa ununuzi, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Kibao cha mezani kilisema: Paskazia.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Nyaraka."

Ndalahwa akaweka faili, na chini ya faili akatelezesha bahasha nyembamba.

"Hii nini?"

"Nauli tu, Madam. Jua la leo si la kutembea kwa miguu."

"Baba, mimi nimeokoka na nimeajiriwa. Ondoa bahasha yako kabla sijaiandika kwenye daftari la wageni."

Ndugu zangu, hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angeshika njia. Lakini Ndalahwa nusura atokwe na machozi. Miaka tisa, na hakuwahi kukutana na afisa aliyekataa nauli. Akamwamini palepale, kwa moyo wake wote. Huyu ni mkweli, akawaza, na mkweli hajui kuhesabu mihuri.

"Wenzangu wawili nao wameniomba niwaletee maombi yao," akasema, akitoa faili nyingine mbili. "Wako bize sana."

"Una moyo wa kusaidia," akasema Paskazia, akagonga "imepokelewa" mara tatu. "Jumatano nitazitembelea ofisi zote tatu. Siwezi kumpa kazi mtu nisiyejua anakaa wapi."

Ndalahwa alikuwa na chumba kimoja cha kukodi pale Mkuyuni, mlango unatazama machinjio ya kuku. Jumatano saa tatu mlangoni paliandikwa Ndugu Wawili, na ndani alikaa yeye na suti. Paskazia akakagua, akaandika, akaenda zake. Saa tano paliandikwa Neema ya Ziwa. Ndalahwa alivaa miwani ya mkewe, meza imehamia dirishani, na kalenda ya Bikira Maria iko ukutani. Paskazia akakagua, akaandika. Saa nane kalenda ikashuka, likapanda saa la ukutani lenye picha ya Kaaba, na Mzee Abdillah akajitokeza na kanzu, kofia na kikohozi.

"Kuku wa mtaa huu wanapiga kelele kila ninapokwenda," akasema Paskazia bila kuinua macho.

"Wengi, mama. Ehe, ehe. Wamejaa."

"Na nyie wafanyabiashara wa Mkuyuni mnafanana."

"Ni maji tunayokunywa, mama."

Paskazia akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelimishwa, akatoa karatasi ya masharti. Kila mzabuni alete sampuli kamili kesho: kitanda cha tano kwa sita, godoro, mito miwili na shuka. Matokeo Jumatatu saa nne. Chini kabisa, kwa herufi zilizokolea: sampuli ni mali ya mnunuzi, hazirudishwi. Ndalahwa aliisoma, msiseme hakuisoma. Alisoma mara tatu na kusaini mara tatu, kwa miandiko mitatu, na kila muhuri ukagongwa mahali pake. Kitanda kimoja ni nini mbele ya sitini?

Vitanda viwili, na magodoro na shuka zake, alivipata kwa Abeid, fundi seremala, kwa kumwahidi oda yote.

"Nipe na cha tatu, fundi."

"Cha tatu utakipata ukinionyesha mkataba," Abeid akasema. "Nakujua, Ndalahwa. Hata hivi viwili nakupa shingo upande."

Basi angetosheka na kampuni mbili. Lakini mbili si tatu, na pungufu ya tatu ushindani hauwi wa haki. Alirudi nyumbani akasimama mlangoni mwa chumba cha kulala, akakitazama kitanda cha mkewe.

Kilikuwa kitanda cha mninga, kimechongwa samaki wawili upande wa kichwani. Alikichonga baba yake Gladness kule Ukerewe akamzawadia bintiye siku ya harusi, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Gladness alikuwa Nansio kwenye msiba wa shangazi yake, arudi Jumanne. Siku anaondoka alisimama na mkoba wake mkononi, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo Ndalahwa aliyoiogopa.

"Baba Malimi, umeuza redio, nimenyamaza. Umeuza mashine yangu ya kushonea, nimenyamaza. Ukigusa kitanda cha baba, nikishuka melini nitakwenda kwa kaka yangu na mtoto wangu, na usinifuate."

Hakiuzwi, Ndalahwa akajiambia. Kinaazimwa tu. Nikishinda Jumatatu, nani atamnyima msambazaji mkuu kubadilisha kitanda kimoja? Akaita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wakapakia.

Jumatatu saa nne alifika Pasiansi na suti. Mlango ulikuwa na kufuli. Nje walisimama wazabuni kumi na tisa, wengine wamekaa chini, mmoja ameshika tama.

"Chumba alikikodi mwezi mmoja," mlinzi alikuwa akieleza kwa mara ya kumi. "Ijumaa limekuja Fuso, vitanda vimepakiwa, mama amenipungia mkono. Mimi nikajua ndiyo vinakwenda hotelini."

"Hoteli iko wapi?"

"Na mimi ndiyo nilikuwa nakuulizeni nyie."

Mtu mmoja akapendekeza polisi. Kila mzabuni akalitazama begi lake, na nadhani mnaelewa: polisi wangetaka kuona nyaraka, na kati ya wale waungwana kumi na tisa hakuna aliyetaka mihuri yake itazamwe kwa karibu.

"Amenipiga kitanda kizima!" akalia mmoja. "Wewe ndugu, umetoa vingapi?"

"Kimoja," Ndalahwa akasema. Hakusema kimoja kwa kila muhuri. Alimwona Gladness akishuka melini, anageukia njia nyingine na Malimi mkononi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani kwa dhati kurudisha bidhaa.

Jumanne hakungoja. Alikwenda mwenyewe bandarini akamweleza kila kitu palepale, katikati ya mizigo. Gladness hakupiga kelele. Alitoa simu.

"Jana usiku binamu yangu alilala Sengerema, gesti mpya," akasema. "Kanitumia picha. Kaniuliza, dada, hawa si samaki wa mjomba?"

Siku hizi daraja la kuvuka ziwa lipo. Ukitoka Kigongo, hujamaliza kutafuna karanga ushafika Busisi. Saa saba walikuwa Sengerema na kirikuu cha kukodi, mbele ya nyumba ya vyumba ishirini na viwili, na kupitia madirisha ulionekana utajiri wa ajabu: hakuna kitanda kilichofanana na mwenzake. Mapokezi alikaa Paskazia, miwani ileile, mnyororo uleule.

"Aa, Ndugu Wawili! Karibuni. Mzee Abdillah kikohozi kimepona?"

"Mwizi mkubwa we!" Ndalahwa akafoka. "Twende polisi sasa hivi!"

"Twende." Paskazia akafungua droo, akapanga mezani karatasi tatu za masharti, kila moja na muhuri wake. "Tuanze na nani? Wenzako walitoa kimoja kimoja. Wewe peke yako ulileta vitatu, na nilikuhurumia kweli. Nilitaka kukuambia siku ile ya kuku."

Gladness alikuwa ameshaingia chumba namba nane, amekaa kitandani, kiganja juu ya wale samaki. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Kitanda hiki alikichonga marehemu baba yangu, dada."

Paskazia akavua miwani. "Pole, mdogo wangu. Hilo sikulijua. Lakini nikikupa, mgeni wangu alale sakafuni? Nitalazimika kununua kingine, na mimi nina utaratibu. Sinunui bila proforma tatu."

Gladness akamgeukia mumewe. Akalivuta begi toka kwapani mwake, akalimimina mezani. Mihuri mitatu ikabingirika, na kidau cha wino.

"Hizi hapa proforma tatu, za leo na za maisha yako yote. Nipe kitanda."

"Mama Malimi!" Ndalahwa akalia. "Hizo ndizo ofisi zangu!"

"Naziona. Leo na mimi nimezitembelea."

Paskazia aliuokota muhuri mmoja mmoja, akaupuliza vumbi, akaujaribu kwenye ukingo wa gazeti. Neema ya Ziwa ilimpendeza zaidi. Kisha akavuta daftari la kutolea mali na kuligeuza.

"Mpokeaji asaini hapa. Jina kamili."

Ndalahwa akashika kalamu. Kwa mazoea mkono wake wa kushoto ulipapasa upande wa begi, ukakuta hewa. Akaandika jina lake mwenyewe, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza, na hapakuwa na cha kugonga juu yake.

Vitanda viwili vya Abeid vilibaki Sengerema. Ndiyo maana ukipita Mkuyuni leo utamkuta Ndalahwa akilipa deni pale karakana ya Abeid, anapiga msasa mbao za vitanda vya watu, vumbi hadi kwenye kope, na fundi anamsimamia. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile Sengerema walikifungua kitanda, wakakitoa nje vipande vipande hadi kwenye kirikuu.

"Shika upande wa samaki," Gladness akasema. "Na ukikwaruza, utalala kwenye ile hoteli yako ya Pasiansi."