Ukelele wa Kuazima

Jumatatu, 3 Agosti

Nimekwisha. Asubuhi Nélida ameniwekea mezani kibuyu cha mate, ile chai yetu ya majani machungu, akafuta mikono kwa aproni, akaniarifu kwamba ameniandikisha kwenye mashindano ya kupiga ukelele wa sapukái. Jumapili, saa kumi alasiri, klabu ya mtaani. Nikauliza nani kaandikishwa. Akasema mimi. Nikauliza mimi nani. Akasema Hermenegildo Ayala, mstaafu wa bandari, mume wake.

Hapa tu ndipo ninapoweza kuandika ukweli. Sijawahi kupiga sapukái maishani. Katika mkoa wetu mzima wa Corrientes, akodioni ya muziki wa chamamé ikilia hata kasisi hutokwa na ule ukelele mrefu bila kukusudia. Mimi hutokwa na pumzi. Basi! Na kwa miaka thelathini na minne Nélida amewasimulia watoto, sasa wajukuu, kwamba alinipenda kwa ukelele wangu. Tulikuwa dansini. Alisikia sapukái nyuma yake, akageuka, akaniona nimeachama mdomo.

Aliyepiga ni Crispín, aliyekuwa amesimama bega kwa bega nami. Mimi nilikuwa nauma mkate wa chipá. Crispín baadaye akamwoa dada yake Nélida, kwa hiyo sasa ni mwanyumba wangu. Mwenyewe hakumbuki, kwa sababu amepiga sapukái nyingi mno maishani. Ni bingwa mara tano na Jumapili atakuwepo.

Nélida akijua, nyumba itasimama juu ya nini?

Jumanne, 4 Agosti

Mpango wa kwanza: mazoezi. Nimeshuka ukingoni mapema, chini ya miti ya lapacho iliyochanua maua ya rangi ya waridi, mahali pasipo na watu. Mto Paraná ni mpana, nikaona utaimeza aibu yangu. Jaribio la kwanza: hewa. La pili: hewa. La tatu likatoka kama bawaba inayodai mafuta.

Wavuvi wawili wakapiga makasia mbio kunifuata. Wakauliza kama nimekwamwa na mwiba wa samaki. Kabla sijajibu mmoja alishanipiga mgongoni mara sita. Nikashukuru, ilikuwa njia fupi kuliko kueleza. Kufika saa sita Nélida ameshapata habari, na amenikataza samaki mpaka Jumapili. Na nilikuwa nimenunua surubí mnene!

Jumatano, 5 Agosti

Mpango wa pili: ugonjwa. Nimejifunga skafu, nikaandika kwenye karatasi kwamba sauti imekauka na daktari angeshauri nijitoe. Nélida akasoma, akachemsha vitunguu na asali, akanisimamia mpaka tone la mwisho.

Saa kumi themosi nzima ya maji ya moto ikanimwagikia mguuni. Niliyoyasema yalisikika nyumba ya tatu. Nélida akajibu kutoka jikoni kwamba anafurahi sauti imerudi.

Nimefikiria kujimwagia maji ya moto jukwaani. Naandika hapa kama akiba.

Alhamisi, 6 Agosti

Mpango wa tatu. Huu ni wa akili! Kama ukelele wa kwanza ulikuwa wa Crispín, kwa nini wa pili usiwe wake? Nimekwenda kumtembelea na simu mfukoni, tayari kurekodi.

Tumekaa uani, yeye anamimina mate. Kwa woga nikanywa cha kwanza nikasema asante. Mjinga! Kwetu anayesema asante ametosheka. Kibuyu kimenipita mara kumi na moja na koo langu kavu kama gunia. Mwishowe Crispín akaweka muziki, akaguswa, akaachia sapukái iliyorusha kuku hadi juu ya ukuta. Nimeinasa yote.

Wakati wa kuagana akanishika bega. Akasema, "Usiogope, mwanyumba. Mimi nina makelele tu. Wewe ulipiga mara moja ukapata mke."

Nikajisikia mwizi. Nusura niifute ile sauti. Nusura.

Jumamosi, 8 Agosti

Mazoezi ya bafuni. Simu mfuko wa kifuani, tundu dogo kwenye shati kupitishia kidole. Naachama, nabonyeza, sapukái inatoka. Mara kumi na tano, bila kosa!

Nélida akagonga mlango. Akauliza kama Crispín yumo bafuni. Nikasema ni redio. Hakuondoka mlangoni. Halafu akauliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia.

Nikamwambia karatasi za chooni zimekwisha.

Jumapili, 9 Agosti

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Klabu ilijaa. Crispín alitangulia akapiga vizuri mpaka akalia mwenyewe. Wakaniita. Nélida hakuwepo kwenye viti. Alikuwa nyuma ya pazia la jukwaa, pamoja na wanawake wanaotoa chipá jikoni. Akodioni ikaanza. Nikaachama. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Simu imezimika! Nimeisikiliza mno, imemaliza chaji. Watu mia tatu wananitazama meno. Nikaona miaka yangu yote thelathini na minne ikitoka kwa mlango wa nyuma.

Hapo ikatoka. Sapukái! Ndefu, ya juu, ilianza kama kilio ikaishia kwenye kicheko, mwili wote ukanisisimka. Kwa sekunde moja niliamini ni yangu. Kisha nikatambua imetoka nyuma ya pazia.

Nikabaki nimeachama mpaka mwisho wake, na kidogo baada ya mwisho. Nafasi ya kwanza! Zawadi ni themosi iliyovishwa ngozi. Crispín wa tatu, na bado akanikumbatia kuliko wote.

Tumerudi nyumbani kwa miguu, kandokando ya mto, jua likiwa bado lipo. Nélida akaniambia aliniandikisha ili nipate mahali pa kusema ukweli, na kwamba amenipa wiki nzima, na hata akaja kuniuliza kwenye mlango wa bafuni.

Nikamuuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu usiku ule ule. Gildo, nani anapiga sapukái na nusu chipá mdomoni?"

Nikauliza kwa nini basi alikubali kuolewa na mimi.

"Kwa sababu nusu nyingine ulinipa mimi. Crispín alikuwa na yake nzima, akaila."

Nimelia. Pale pale, mbele ya watu wanaokimbia mazoezi. Nimemwapia kwamba uongo umekwisha, mkubwa na mdogo. Akanishika mkono tukaenda hivyo hadi nyumbani. Sijawahi kuwa na furaha kama leo, na nataka iandikwe.

Jumatatu, 10 Agosti

Mwenyekiti wa klabu amepita asubuhi. Wanachama wamekubaliana kuanzisha darasa la sapukái kila Jumanne, na mwalimu ni mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa. Nikajisikia nikiuliza ni saa ngapi.

Tisa wamejiandikisha. Jina la kwanza kwenye orodha ni Crispín.

Nimekwenda kupima lile pazia. Zito, linafika sakafuni, na nyuma yake kiti kinaenea vizuri. Nimemweleza Nélida kwa upole kwamba huu si uongo, ni elimu, na kwamba apange Jumanne zake mapema. Tangu saa nne yuko bafuni, anasukutua koo kwa maji ya chumvi.