Wiki Niliyofyeka Masale ili Nisiazimishe Pikapu

Jumatatu, 16 Desemba
Naandika mimi Ebenezeri wa Masama. Umri miaka sabini na tisa. Nimezika punda watatu, nimeziona mashine mbili za kukoboa kahawa zikifa, na yule daktari aliyesema nikiendelea kunywa mbege sifiki sitini, tulimzika vizuri. Mbege ilikuwepo. Shule niliacha darasa la tatu kwa hiari yangu. Mwalimu hakunizuia.

Leo pikapu imerudi. Ronald, mtoto wa mdogo wangu, aliiazima aende Marangu mara moja. Mara moja yake imekula wiki. Tairi la spea hakuna. Mbuzi yupo. Nikamuuliza mbuzi wa nani, akasema, baba mkubwa, hata mimi nashangaa.

Sasa! Jumamosi mjukuu wangu Stella anaolewa. Nimemwahidi nitampeleka kanisani mimi mwenyewe, kwa pikapu yangu, maua kwenye boneti. Lakini binamu yangu Eliudi, jirani, ana Noah. Tangu jana anaiosha. Gari safi halioshwi siku mbili bila nia mbaya. Amemwambia mke wangu Winfrida kwamba pikapu ikikosekana, yeye yupo. Ikikosekana! Mpaka Jumamosi haigusi mtu. Nimekula kiapo mbele ya mbuzi.

Jumanne, 17 Desemba
Ronald asubuhi na mapema. Mkononi jani la sale, kalifunga fundo. Mjanja! Sisi Wachagga mtu akikuletea sale unamsamehe, hata kama amekuchomea nyumba. Ukikataa, wazee waliolala ardhini wanageuka. Nikamsamehe tairi. Hakuondoka. Akasema, baba mkubwa, msamaha kamili ni kumrudishia mtu imani. Nikasema ndiyo. Akasema, na imani yenyewe ni ufunguo.

Akaondoka na pikapu kufuata ndizi za mbege ya harusi. Mimi nimebaki uani nimeshika jani.

Jumatano, 18 Desemba
Imerudi. Manyoya ya kuku mpaka kwenye usukani. Alifuata ndizi!

Nimefikiri nikiwa nakata majani ya ng'ombe. Ugonjwa si Ronald. Ugonjwa ni sale. Limejaa kila mahali, mtu anachuma tu njiani anakuja kunimaliza. Bila sale hakuna msamaha, bila msamaha hakuna ufunguo. Akili kama hii haifundishwi. Nikashika panga. Nikafyeka masale yote kuanzia mlangoni mpaka chini mferejini. Nikang'oa na mizizi. Nikachoma. Moshi wake!

Winfrida akauliza kama nina homa. Nikamwambia mambo ya magari aniachie. Akasema, haya Baba Daniel, ila mengine hapo si ya kugusa. Sikuuliza yapi. Mwanaume haharibu kazi nzuri kwa maswali.

Alhamisi, 19 Desemba
Raha! Kaja Mektrida, mjane wa kule juu, anataka pikapu apeleke ndizi Moshi mjini. Mikono mitupu. Hapana! Kaja Ronald, kazunguka nyumba nzima akitafuta jani. Hapana! Neno tamu hili, nimelikosa maisha yangu yote. Nimecheza kidogo uani. Kiuno kimekubali.

Mchana Eliudi huyo, anapiga kelele. Kumbe mstari wa masale wa upande wa kushoto ndio mpaka wa kihamba chake na changu, mashamba ya ukoo. Aliupanda babu yetu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mpaka wote uko kichwani mwangu. Akasema hicho ndicho anachoogopa. Majirani wakacheka. Wajinga.

Sasa balaa. Pikapu yangu hutoka kwa njia inayopita shambani kwake. Amelaza magogo njiani. Kaka, amesema, njoo mlangoni kwangu na sale kama mtu aliyelelewa. La sivyo, bibi harusi atapanda Noah, na dereva ni mimi.

Sale! Nitalitoa wapi?

Ijumaa, 20 Desemba
Nimezunguka kijiji. Kila mwenye sale kasimama mbele ya ua wake kama analinda ng'ombe. Mmoja kauliza panga nimeliacha wapi.

Stella kanikuta njiani. Hakulia, heri angelia. Kasema, babu, siwezi kuingia kanisani wewe na babu Eliudi mmenuniana. Gari lolote sawa, mradi mmepatana na unaendesha wewe.

Nikapanda kwa Mektrida. Shikamoo mzee Hapana, akaniamkia, na soda akaniletea. Sale analo ua mzima. Jani moja atatoa, lakini njia ikifunguliwa pikapu ni yake kesho, kutwa nzima. Nikakubali. Ningefanyaje?

Nikafika kwa Eliudi, fundo nimefunga mwenyewe. Wazee walikuwepo, wanaonja mbege ya harusi. Nikaomba msamaha, nikaahidi kupanda mpaka upya. Akapokea jani. Makofi! Sikuondoka. Nikasema, ndugu yangu, msamaha kamili ni kumrudishia mtu imani. Wazee wakaitikia, kweli kabisa. Nikasema, na imani yenyewe ni ufunguo wa Noah.

Uso wa Eliudi! Ungemmwagia kata ya mbege asihisi. Akatoa.

Jumamosi, 21 Desemba
Pikapu imeondoka alfajiri na ndizi za Mektrida. Mimi suti na kofia, ndani ya Noah. Stella mbele. Eliudi nyuma, kabanwa kati ya wapambe wawili wanene, kakataa kuliacha gari lake peke yake na mimi.

Natafuta klachi. Hakuna klachi! Gari lisilo na klachi ni gari au ni kochi? Nikavuta kile kifimbo, tukarudi nyuma mpaka migombani. Eliudi anapiga mayowe, weka D, kaka, D! Nikamwambia niliacha shule, asinitungie mtihani. Tukatoka na jani la mgomba limefunika kioo. Sioni kitu. Naendesha kwa honi. Kuku wametupisha. Mchungaji naye katupisha, joho na yote, ndani ya kahawa ya watu. Wapambe wanaimba pambio. Stella kacheka mpaka shela imedondoka.

Tumefika kabla ya bwana harusi! Nimemshusha kwa mkono wangu. Kaninong'oneza kwamba hakuna bibi harusi aliyewahi kuletwa hivi. Nimekubaliana naye.

Jumapili, 22 Desemba
Pikapu haijarudi. Mektrida katuma habari kwamba kamwazima kaka yake. Simlaumu. Nimetafakari sana wakati wa mahubiri na kosa langu nimeliona wazi: nilikuwa naazimisha gari langu.

Baada ya ibada kaja Sirili, mume wa Stella, kijana wa heshima. Ndugu zake wamekwama, wanataka kurudi Old Moshi. Mkwe mpya hanyimwi. Nikapapasa mfukoni, nikampa Noah.

Asiyeamini haya amuulize Winfrida, ingawa ataongeza chumvi. Amuulize Mektrida, akipatikana. Mchungaji aliona yote, mpaka pale aliporuka. Eliudi aachwe kwanza. Namsikia huko nje anapita nyumba kwa nyumba, anauliza nani kaona gari lake.