Kiti Changu na Magoti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo umeamka salama. Nimetumia vifaa vyangu vyote hata hivyo, nisije nikavisahau siku ya shida. Kamba ya mafundo niliyoifunga miguuni mwa kitanda: fundo la kwanza, la pili, la tatu, niko wima. Chupa ya plastiki niliyoipasua na kuitia kamba mbili: soksi zimeingia bila mimi kuinama. Koleo refu la kuokotea vitu, mpini wa ufagio na breki ya baiskeli, kazi ya mikono yangu: limeokota suruali sakafuni kwa jaribio la kwanza. Tangu siku ile nilipobeba friji ya mteja peke yangu kwa kujionyesha, kiuno changu hakijanisamehe. Daktari alisema maumivu haya nitaishi nayo. Basi nimeyajengea nyumba.

Na juu ya vyote kuna Kiti. Cha mbao, mgongo umenyooka, mto wa sponji kiunoni. Miguu yake nimeisimamisha juu ya vibao vinne nilivyovichimba katikati, ili kiwe juu na mtu ainuke bila kuhangaika. Jioni nikikaa humo na redio yangu, maumivu yanalala. Hakuna mahali pengine yanapolala.

Alasiri mama mkwe amewasili. Anapumzisha magoti kwetu kwa wiki mbili. Nimempokea kwa furaha, nimemtundikia hata mkoba wake kwa koleo. Akaingia sebuleni, akatazama kochi, akatazama Kiti. Akakaa kwenye Kiti. Akasema hiki kiti kimetulia, mwanangu.

Sasa utafanyaje? Utamwambia mama mkwe wako ainuke? Afadhali nimeze pasi ikiwa ya moto.

Nimekaa kwenye kochi. Kochi letu ni la chini, ukikaa magoti yanakaribia kidevu. Kutoka humo nina mtindo wangu: napiga magoti, nashika meza, nashika ukuta, na njiani natoa sauti fulani. Mbele ya mkwe hilo halifanyiki. Nikasubiri aende kulala. Hakwenda. Nikaisifia hali ya hewa, akaikubali. Nikaisifia tena. Mke wangu akatuaga, akaenda zake chumbani, sisi tumekaa tu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Bahati umeme ukakatika. Nikainuka gizani kwa mtindo wangu, nikikohoa ili kuficha sauti. Mama mkwe naye alikuwa anakohoa sana, vumbi labda. Umeme uliporudi Kiti kilikuwa kitupu na yeye yuko mlangoni mwa chumba chake, ananitakia usiku mwema.

Wepesi gani ule! Magoti mabovu ya namna gani hayo?

Jumanne, 5 Machi

Nimekata shauri. Sitampokonya mama mkwe kiti. Nitamtengenezea kingine kizuri zaidi, ahame mwenyewe kwa hiari yake na anishukuru juu.

Karakana yangu ni kibaraza cha mbele: feni za watu, pasi za watu, redio ambazo wenyewe wamezisusa. Nikachukua kiti cha zamani, nikatia chini yake springi za godoro, pamoja na komeo. Unakaa, unatulia, ukitaka kuinuka unavuta komeo, springi zinakusukuma taratibu. Hata ng'ambo wangeiga.

Nikakijaribu mwenyewe. Neno taratibu tuliondoe. Nimejikuta chini ya meza ya kazi, nimekumbatia feni ya kinyozi wa mtaani, na panga moja la feni limekatika. Mke wangu akatoka, akanikuta nimepiga magoti na mikono chini. Akauliza natafuta nini. Nikasema skrubu. Naye kwa wema wake akainama kunisaidia, na tumeitafuta skrubu ile muda mrefu sana.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mgongo umejua kabla ya mawingu. Mama mkwe kwenye Kiti. Mimi kitandani, na mpira wa maji ya moto kiunoni. Redio imebaki sebuleni, anaisikiliza yeye. Amebadili hata stesheni.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wake mke wangu, mwenye duka la vifaa vya umeme. Mtu huyu hajawahi kukaza skrubu maishani, kazi yake kufungua maboksi. Ameleta mto wa umeme unaotetemeka, wa kukanda viungo. Mama mkwe akausifu. Akasema mwanawe anajua kumtunza mama. Wakauweka wapi? Kwenye Kiti! Yaani shemeji ameongezea Kiti changu starehe, kana kwamba mwenzangu alikuwa anakaribia kukichoka.

Nikajikaza kisabuni, nikatabasamu. Alipoondoka nikamwambia mama mkwe kwamba mitambo ya dukani si ya kuaminika, ngoja mkweo nikague nyaya. Nia yangu haikuwa mbaya. Nilitaka utetemeke kidogo kupita kiasi, auogope, aogope na Kiti pamoja. Nikaondoa kidude kinachoupunguza nguvu. Nikaurudisha mto kwenye Kiti.

Akawasha. Miwani ikashuka puani. Kikombe kikatembea chenyewe mezani. Maneno yakawa yanamtoka yamekatika vipande vipande. Nikangoja apige kelele. Akacheka mpaka machozi! Akasema sasa ndiyo magoti yanasikia, akampigia simu shemeji papo hapo kumwambia Mungu ambariki kwa ule mto.

Nimekwenda kibarazani kugombana na pasi.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kuandikwa. Ngoja niipange.

Asubuhi, kabla mama mkwe hajatoka chumbani, nilivitoa vibao chini ya Kiti. Vyote vinne. Hesabu yangu: kiti kikiwa chini hakitamfaa, atakihama bila mtu yeyote kusema neno baya. Nikavificha nyuma ya redio mbovu. Mke wangu akaenda sokoni. Mama mkwe akatoka, akakaa, akashuka kuliko alivyotarajia, akaniangalia. Nikakaa kwenye kochi kushuhudia akiinuka.

Hakuinuka.

Asubuhi ikapita. Chai ilikuwa jikoni, hakuifuata. Nikamuuliza kama ana kiu, akasema hana kabisa, akaniuliza kama mimi ninayo. Nikasema hata kidogo. Ningekwenda kumletea, lakini kochi lilikuwa limenimeza na mgongo ushaanza kuimba. Moyoni nikasema huyu mama ni mgumu. Yuko tayari kukaukia kwenye kiti changu kuliko kukiacha nikikalie. Tukazungumza kuhusu bei za vitunguu. Tukamaliza vitunguu, tukaingia kwenye viazi.

Hodi ikapigwa. Ilikuwa sauti ya kinyozi, amekuja kuchukua feni yake. Nikamwambia mama mkwe kwamba kuna mtu mlangoni. Akasema ndiyo, mwanangu, anamsikia. Hodi ya pili. Akasema mtu huyo ana subira. Nikasema sana. Hodi ya tatu, na hakuna aliyesogeza hata kidole.

Ndipo mama mkwe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwanangu, hebu fumba macho kidogo."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema anataka kuinuka, na namna anavyoinuka si ya kuonwa na mkwe. Tangu alipofika anangoja niondoke sebuleni kwanza kila jioni, nami nakawia. Siku ile ya kwanza, umeme usingekatika, angelala palepale. Akasema magoti yamefikia pabaya, binti yake hajui, akijua atamkataza kukaa peke yake kwake.

Jamani. Nilikuwa nimemwona mwizi wa viti, kumbe mwenzangu kanasa! Na leo nimemtegea mimi mwenyewe. Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia kwamba nami nilikuwa karibu kumwomba afumbe macho.

Akanitazama. Akauliza kile kikohozi cha siku ile kilikuwa nini. Nikasema kilikuwa mgongo. Akasema chake kilikuwa magoti. Tukacheka, na kucheka kukanichoma kiunoni, na nikaendelea kucheka.

Tukakubaliana wote tufumbe macho. Yeye akashuka mbele ya Kiti kwa magoti, akipiga mayowe. Mimi nikatambaa kuelekea mezani kwa sauti yangu ile, sasa wazi, bila kikohozi. Kwa kuwa tumefumba macho, tukagongana vichwa katikati ya mkeka. Hapo ndipo kinyozi alipochoka na hodi akasukuma mlango.

Akatukuta, mimi na mama mkwe wangu, uso kwa uso, wote tumetambaa. Akauliza tumepoteza nini.

Mama mkwe akamjibu bila kusita kwamba tunatafuta skrubu. Binti yake amemweleza kwamba nyumba hii zinapotea sana.

Kinyozi akatuinua, mmoja mmoja, mikono yake ina nguvu. Kuhusu panga la feni hakusema kitu, nadhani alisahau kutazama.

Mama mkwe aliuliza mbona kiti jana kilikuwa juu. Nikasema mbao hunywea kukiwa na baridi. Akasema kumbe.

Jumapili, 10 Machi

Vibao vimerudi, nimeongeza na kingine juu ya kila kimoja. Kamba ya mafundo nyingine nimeifunga kwenye nondo za dirisha, inashuka hadi kwenye Kiti. Na ya pili inafika kwenye kochi. Mama mkwe amejaribu. Fundo la kwanza, la pili, yuko wima! Akakaa tena ili ainuke tena. Kisha akaniamuru na mimi niinuke, apime nani anapiga kelele zaidi. Amenishinda, lakini yeye ana magoti mawili na mimi nina mgongo mmoja.

Jumatano, 13 Machi

Siku njema kuliko zote. Mama mkwe amenifundisha kitu chake: mchele mkavu, unaupasha kikaangoni bila mafuta, unaujaza kwenye soksi nene, unaifunga mdomo na kuilaza kiunoni. Inashika pembe zote za mgongo, si kama mpira wa maji unaoteleza. Nami nimemtengenezea koleo lake, fupi, lenye mpini mnene wa mpira ili vidole visiume. Ametumia siku nzima kuokota vitu ambavyo havikuanguka. Amemwambia na binti yake habari za magoti, mwenyewe, bila kulazimishwa. Mke wangu akalia kidogo, kisha akacheka kidogo. Wameelewana kwamba kamba kama hizi zifungwe na kule kwake, kitandani na chooni, na kwamba atapiga simu kila asubuhi baada ya kuinuka.

Jioni tumeinuka pamoja kwa kamba zetu. Mke wangu akasema nyumba inasikika kama zizi. Tumeridhika sana.

Jumapili, 17 Machi

Mama mkwe ameondoka. Shemeji amekuja na gari kumchukua, na mto wake wa umeme, ambao amesema kampuni wameuboresha siku hizi. 

Mama mkwe akasimama sebuleni, akakipapasa Kiti mgongoni kama anaaga mtu. Akasema kule kwake hana kitu cha hivi. Sijui nini kilinipata. Nikakibeba mwenyewe, na vibao vyote vinane, nikasema mama, ni chako. Akanishika mkono, akasema binti yake hakukosea. Nilijisikia mrefu kama mlingoti. Kisha mgongo ukanikumbusha kwamba nimebeba kiti, na shemeji akanisaidia kukipakia.

Nimemfuata na kamba zake hadi kwake, nimezifunga mwenyewe, nimezijaribu zote. Zimeshika.

Jumatatu, 18 Machi

Sebule ina pengo. Redio ipo. Kiti hakipo. Kochi lipo, laana yake.

Mke wangu amesema nitengeneze kingine, mbao ninazo na vipimo ninavijua. Hajui hesabu. Kiti kile kimekaliwa miaka, kina umbo langu, huwezi kuchonga umbo. Akasema basi nimpigie mama simu nimweleze ukweli, kwamba mgongo umenizidi, atanielewa kuliko mtu yeyote. Nimwombe mama mkwe zawadi niliyompa mwenyewe! Huyu mwanamke wakati mwingine anazungumza kama mtu asiyenijua.

Nina mpango. Jumamosi nitakwenda kumjulia hali, mkwe mwema, nimkagulie kamba. Nitabeba mkoba wa nguo, kwa wiki mbili hivi. Nitaingia mapema, nitakaa kwenye Kiti, nitasema kimetulia hiki, mama. Nani atamwambia mkwe ainuke?

Mke wangu ameuliza nitafanyaje nikimkuta mwenyewe ameshakaa.

Hilo nimeshalifikiria. Nitakaa kwenye kochi lake, nisubiri ainuke.