Mbwa Aliyekariri Njia

Jumapili, 2 Machi

Naahidi kuandika kila kitu, hata yanayonitia aibu. Naanza na ya jana, maana ndiyo yenye aibu kubwa kuliko yote.

Jana nilimpeleka mbwa wetu, Meneja, kwenye matembezi ya kundi. Mbwa saba, kila mmoja na mtu wake, wanapita katikati ya mji ili wazoee watu, kelele na wao kwa wao. Kanuni ni tatu. Mbwa mmoja nyuma ya mwingine, hatua mbili kati yao. Kamba ilegee. Hakuna kusalimiana.

Meneja aliwasalimia wote. Alimzungushia muuza dawa, mwenzetu wa kundi, kamba miguuni mara mbili. Tulipofika bucha aliingia ndani na kutoka na mkia wa ng'ombe. Mwalimu wetu, mama mrefu tunayemwita Bi Filimbi, alipuliza filimbi mpaka uso ukamvimba.

Mbaya zaidi, alikuwepo binti wa fundi saa. Mbwa wake anatembea kama mshale wa sekunde. Aliniuliza Meneja amesoma shule gani, au bado anatafutiwa nafasi.

Mama aliletewa habari kabla sijafika nyumbani. Amesema Jumamosi ijayo ndiyo mwisho. Meneja akituaibisha tena, anakwenda kwa mjomba kulinda stoo ya saruji, na huko atafungwa mnyororo mchana kutwa. Mama hasemi kitu mara mbili.

Meneja amelala juu ya viatu vyangu. Hajui lolote.

Jumatatu, 3 Machi

Nina mpango! Njia ya kundi naijua. Kwanza kinyozi, kisha fundi baiskeli, kisha bucha, mwisho posta. Nitampitisha Meneja njia hiyohiyo kila siku baada ya shule, kwa mpangilio uleule, hadi aijue kama mimi ninavyojua wimbo wa shule. Kwa kinyozi, aketi. Kwa fundi baiskeli, abaki karibu na goti langu. Buchani, anitazame mimi tu. Posta, twende nyumbani. Kila kituo, kipande cha ini lililochemshwa.

Mama aliuliza ini linakwenda wapi. Nilimjibu ukweli, kwamba ni la masomo.

Jumatano, 5 Machi

Maendeleo makubwa, na tatizo dogo. Leo Meneja aliketi kwa kinyozi bila kuambiwa. Bahati mbaya nilikuwa nimesahau ini nyumbani. Akagoma kuinuka. Wateja wakawa wanamruka mlangoni. Kinyozi akaniuliza, binti, huyu amekuja kunyolewa au kunikagua? Nikamwomba radhi. Nikamkokota Meneja, bado ameketi, hadi kona.

Baba alisikia yote jioni. Akasema mbwa huyu amekariri tu, hajaelewa. Nikamkumbusha kwamba jedwali la kuzidisha nililikariri na nikapata themanini na tatu. Baba akarudi kwenye gazeti lake.

Alhamisi, 6 Machi

Binti wa fundi saa ametuona tukiwa posta. Akasema kufanya mazoezi kwa siri kwenye njia ya mtihani ni wizi. Nikasema ni marudio. Akasema atamwambia Bi Filimbi. Nikamwambia, mwambie na salamu zangu.

Sikumwambia hivyo. Nilifikiri tu, nikiwa nimeshafika nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

USHINDI! Ila niende taratibu.

Saa tatu asubuhi tulikuwa tayari. Bi Filimbi akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema leo tunaanzia mwisho. Posta kwanza, kinyozi mwisho. Mbwa, alisema, hajifunzi njia, anajifunza dunia. Binti wa fundi saa alikuwa anatabasamu na kutazama mawingu. Nikahesabu vipande vya ini mfukoni.

Kufika posta, Meneja akageuka kwenda nyumbani. Kwake yeye somo lilikuwa limekwisha. Ili kumgeuza nilitumia ini lote, lote kabisa! Buchani alinitazama mimi tu, lakini kwa jicho la anayedai. Kwa fundi baiskeli alibana goti langu na kuninusa mfukoni. Mfuko mtupu.

Na Mama alikuwa ng'ambo ya barabara na kikapu chake, amesimama, anatutazama.

Tukafika kwa kinyozi. Meneja akaketi mlangoni. Sekunde ileile, nyuma yetu, tyubu ya baiskeli ikapasuka, PAA! Sijapata kuona kitu kama kile. Mbwa sita wakaruka pande sita. Muuza dawa alikwenda chini. Mbwa wa binti wa fundi saa akaingia chini ya kiti cha kinyozi, mteja akapanda juu ya kiti hichohicho na sabuni usoni. Kamba zote zikajisokota kumzunguka Meneja.

Meneja hakutikisika. Hata sikio! Aliketi kama nguzo ya simu, amewashikilia wote sita, anasubiri ini lake.

Bi Filimbi akaweka filimbi chini. Akatuambia tutazame, huo ndio utulivu anaoufundisha. Tulipomaliza kufungua kamba, Meneja bado alikataa kuinuka, dakika nane nzima. Bi Filimbi akasema anahakikisha kwanza wenzake wote wametulia. Sikumpinga. Mimi nimefundishwa kutowapinga wakubwa.

Mama alivuka barabara. Akamtazama Meneja. Akasema, haya, twendeni nyumbani, wote. Nilisikia vizuri hilo neno "wote". Mjomba atafute mlinzi mwingine!

Binti wa fundi saa aliniuliza nimefanyaje. Nikamwambia ni kipaji.

Jumapili, 9 Machi

Bi Filimbi ameagiza kwamba Jumamosi ijayo tutapita njia mpya, na Meneja atatangulia mbele ili wengine wamwige. Baba amesema sasa ni wakati wa kumfundisha mbwa huyu kweli. Nimekubaliana naye kabisa, na nimeanza leo hii. Barua nimeshaandika, naiweka hapa ili kumbukumbu iwe kamili:

Shikamoo Mwalimu. Meneja na mimi tunashukuru kwa heshima uliyotupa. Tunaomba utujibu upesi, ikiwezekana kabla ya Jumanne, maana siku za mazoezi ni chache. Je, tutapita wapi na wapi, kwa mpangilio gani, na safari hii hutabadilisha mawazo asubuhi, sivyo?