Meza Haimo Kwenye Bei

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Atarudi Jumapili. Mlangoni kanigeukia, kasema akirudi akute pa kupita, maana pasi zangu mbovu, feni na redio zimeshika nyumba nzima. Amechoka navyo. Amechoka na mimi pia, akaongeza, kwa upole. Upole ule ndio ulionitisha. Miaka kumi na minne hajawahi kunisema kwa upole.

Basi! Nitaviuza vyote mtandaoni. Nyumba itapumua, nami nitapata hela. Akili ni mali.

Jumanne, 4 Juni
Chumba cha nyuma giza, picha hazitoki. Nikabeba kimoja kimoja hadi mbele, nikaviweka juu ya meza ya mke wangu, ile anayokatia nguo. Yeye ni fundi cherehani. Meza pana, mbao nzito, inang'aa. Picha zimetoka safi! Hata pasi iliyoungua inaonekana ina adabu.

Hadi adhuhuri, ujumbe arobaini. Wote wanauliza meza bei gani. Nikaandika kwa herufi kubwa: MEZA HAIMO KWENYE BEI. Mmoja akajibu kwamba akichukua meza, hizo feni nikae nazo mwenyewe.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, naye kaandika pale pale mbele za watu kwamba pasi hiyo ndiyo iliyomchomea suruali ya usaili. Mnafiki! Suruali yenyewe ilikuwa yangu.

Alhamisi, 6 Juni
Siku tatu, sijauza hata waya. Kisha dada wa duka la dawa la pale kona kanitajia bei ya meza. Nikaisoma mara mbili nimesimama, ya tatu nimekaa. Nikawaza: nauza hii, kwa seremala nachukua mpya, Jumapili mke anakuta meza mpya na chenji inabaki. Nani kaumia hapo? Hakuna!

Wachukuzi wamekuja saa nne, wakaipitisha kwa shida kati ya feni. Sasa chumba kina mwangwi. Moyo umeshtuka kidogo. Nimeuambia utulie.

Ijumaa, 7 Juni
Ole wangu. Seremala anasema meza kama ile ni wiki tatu, na bei yake ni mara mbili ya niliyouzia. Anaikumbuka, aliitengeneza yeye. Anasema mke wangu alikuwa akija kila jioni kuitazama ikipigwa randa, kama mtu anayesubiri mgonjwa wake atoke hospitali. Nikakosa pa kuweka uso.

Jioni mke kapiga simu, anacheka. Kapata oda ya sare za shule, mia na ishirini! Anaanza kukata Jumatatu asubuhi. Sijamsikia na furaha hivyo mwaka mzima. Akauliza kama nimerundika takataka zangu juu ya meza yake. Nikaapa kwamba hakuna kitu juu yake. Kweli tupu. Nikakata simu, nikakaa sakafuni, nikalia.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwendea dada wa dawa, nikamweleza yote bila kuficha. Mungu ambariki! Kasema meza nichukue, nimrudishie pesa yake tu, hataki zaidi. Nikamrudishia. Nikakodi mkokoteni.

Tukiwa uani kwake, nikaiona friji. Imekufa, anasema, nikiitaka niondoke nayo bure. Bure! Mwenye mkokoteni akaonya kwamba anabeba kimoja tu, saa nane ana mzigo mwingine sokoni. Nikapima. Meza ni yangu tayari, haikimbii. Lakini friji ya bure, uani, mlango wazi? Mtu mwingine angeinyakua.

Nimerudi na friji. Inahitaji gesi tu. Meza nitaifuata kesho mapema.

Jumapili, 9 Juni
Friji imekwama mlangoni tangu jana. Haiingii, haitoki. Nimehangaika nayo alfajiri yote, meza nikaisahau.

Mke kafika saa tatu. Hakuweza kuingia. Alisimama nje, akachungulia juu ya friji, akapaona mahali pa meza. Nikamweleza iko wapi. Hakufoka. Laiti angefoka! Aliomba nimpitishie mkasi wake dirishani, kisha futi, kisha cherehani. Nikampitishia kimoja kimoja. Shemeji kaja na gari, wakaenda kwa dada wa dawa, wakapakia meza, wakaipeleka kwa shemeji. Sare zitakatiwa huko.

Shemeji kanipigia baadaye. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Anasema dada yake hana neno gumu: siku nyumba ikiwa na njia, nimpigie, atarudi.

Ninampenda mke wangu. Nyumba hii bila yeye ni stoo. Kwa hiyo nimeitangaza friji, leo leo, bei ya kutupa. Na jibu limekuja! Jamaa hana pesa, lakini anataka tubadilishane: friji yangu moja kwa zake mbili, mbovu kidogo.

Mbili! Nimemwambia azilete haraka, kabla hajazinduka.