Kliniki ya Nyayo Uani Kwangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kisigino bado kinauma. Nimeshuka hospitali ya Mawenzi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kanisimamisha juu ya mkeka wenye waya, na miguu yangu ikatokea kwenye kompyuta kwa rangi! Nyekundu kwenye kisigino, panapobeba uzito. Buluu katikati, pasipogusa chini. Nilipotembea, wekundu ukakimbia kutoka kisigino hadi kidole gumba. Hapo hapo nikapata wazo. Wapagazi wote wa mlima huu wanaumwa miguu, na hakuna anayewasomea nyayo! Niliuliza kama mkeka unaazimwa. Hauazimwi.

Mke wangu Evelyn amesema nikija na mpango mwingine mmoja tu, anarudi kwao Kibosho juu. Nimemwapia kwamba sina mpango. Sayansi haihesabiwi kuwa mpango.

Jumanne, 9 Septemba

Badala ya mkeka, nilianza na majivu. Yamepeperushwa na upepo. Halafu nikaona kahawa ya Evelyn imeanikwa kichanjani, imetulia, imesawazishwa vizuri. (Aliichuma peke yake, mimi nilikuwa na kisigino.) Mwenyewe alikuwa Kiboriloni anauza ndizi. Nikaimwaga kwenye turubai uani.

Mteja wa kwanza, Wilson, mpagazi. Kisigino cha kushoto kilizama zaidi. Nikamweleza kwamba anabebea mizigo bega la kushoto. Akasema anabebea kichwani. Watu hawajijui.

Jirani Filemon akaja kucheka. Huyu hushinda mbio za parokia kila mwaka na hakubali tusahau. Nikamwambia akimbie juu ya turubai kama ni mwanamume. Ugunduzi! Akikimbia, kisigino hakigusi chini hata kidogo, sehemu ya mbele tu ndiyo inachimba. Na kahawa inaruka hadi kwa kuku.

Evelyn amerudi tukiwa tunarudia kwa viatu vya mlimani. Aliokota punje zilizopasuka, akazitazama kiganjani, akaingia ndani kufungasha nguo. Niliogopa.

Jumatano, 10 Septemba

Ameondoka. Nimekula ndizi bila chumvi, sijui chumvi inakaa wapi.

Nimechunguza nyayo zake njiani. Vidole vimezama, kisigino hakionekani. Nikahitimisha: mwanamke anayenyata, moyo mzito, anatamani kurudi. Filemon akasema kila anayepanda mlima hukanyaga hivyo, tena alikuwa na gunia la kahawa kichwani. Wivu tu. Namkumbuka Evelyn hadi naona haya kuandika.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekwenda ukweni na isale. Kwetu ukipelekewa jani la isale huna ujanja, lazima usamehe. Jani moja linatosha. Lakini kosa langu ni turubai zima! Nikang'oa mmea mzima na mizizi yake, nikapanda nao begani.

Niliwaamkia wakwe. Evelyn alisimama mlangoni pekupeku, uzito wote kwenye visigino. Hasira hiyo. Nikasubiri. Taratibu uzito ukahamia mbele, vidole vikabana sakafu. Msamaha huo unakuja! Kumbe alikuwa anainama kuangalia waya wa uzio ulioning'inia kwenye mizizi. Akauliza mmea nimeutoa wapi. Nikasema pale karibu, kati ya kihamba chetu, shamba la ukoo, na cha Filemon.

Mama mkwe akakaa chini. Masale yale yalipandwa na babu zetu kuweka mpaka. Hilo nalijua! Nilikuwa na haraka.

Baba mkwe, mzee Wenseslaus, alivua kofia.

"Baba," aliniambia polepole, "umekuja kuomba msamaha na kosa jingine begani."

Jumamosi, 13 Septemba

Filemon amekuja na wazee wawili wa ukoo. Alisimama akiwa ameegemea vidole, kama anayesubiri firimbi. Nikarudisha mmea shimoni mbele yao, halafu nikampa jani. Jani la isale kwa kosa la isale! Alisaga meno, akalipokea. Angefanyaje?

Mchana nikapanda tena ukweni na jani moja tu, safari hii kwa unyenyekevu. Evelyn alilipokea. Akasema anarudi kwa kuheshimu mila, nisije nikajisifu. Tumeshuka wote. Nililia kidogo njiani, nikasingizia vumbi. Nimemwapia mbele ya mama yake kwamba hakuna mguu utakaokanyaga tena kahawa yake.

Jumapili, 14 Septemba

Kiapo nakishika. Kahawa sitaigusa hadi naingia kaburini.

Ila asubuhi Evelyn ameanika ulezi wa mbege, pombe ya kipaimara cha mdogo wake. Ulezi! Punje ndogo, laini, utaonyesha hadi kidole cha mwisho. Kwa nini sikuanza na ulezi? Yeye yuko misa ya pili, na padre wetu hana haraka.

Nimekata majani mawili ya isale, moja la Evelyn, moja la mama mkwe. Yako mfukoni. Navua viatu.