Chupa ya Mzee Pipa

Gazeti la asubuhi lilikuwa limetandazwa kwenye kaunta ya baa ya Josiane, na picha ya Solène Castagnier imejaa nusu ukurasa. Baba yake, Régis, ambaye kijiji kizima humwita Mzee Pipa kwa sababu ya kazi yake ya mvinyo na tumbo lake, alikuwa ameligeuzia gazeti mgongo. Haikumsaidia. Redio, tarishi mstaafu asiyejua kunyamaza, alikuwa anasoma kwa sauti.

"Shamba la familia laachana na vizibo vya magome ya mti. Mvinyo mwekundu wa kina Castagnier sasa utafungwa kwa kifuniko cha kuzungusha." Akainua macho. "Kama dawa ya kikohozi, Pipa."

"Au mafuta ya kupikia," akaongeza Daktari, ambaye wagonjwa wake wote ni kondoo.

"Nusu ya lile shamba ni yangu," Pipa akasema. "Na mimi sijasema ndiyo."

Hapo ndipo palipomuuma. Lori la kujaza mvinyo kwenye chupa, linalozunguka shamba hadi shamba, lilikuwa lifike kesho yake, na bila neno lake lingepitiliza kwa jirani. Solène alishamwambia kwamba likipitiliza, naye anapanda treni kurudi Toulouse kwenye kazi yake ya ofisini. Tangu hapo Pipa hapati usingizi, ila kulikiri hilo mbele ya Redio, afadhali afe.

Badala yake akachomoa chupa kutoka ndani ya koti: mvinyo wa mwisho aliotengeneza marehemu baba yake. Akawaambia leo watajionea wenyewe kizibo kinavyotunza mvinyo. Josiane akaleta glasi na soseji kavu. Kizibo kikatoka kwa ule mlio wake mtamu, Pipa akajimiminia kwa madaha, akanusa.

Harufu ya kadibodi iliyolowa. Kizibo kilikuwa kimeuharibu mvinyo wote.

Kwa Josiane, mwenye chupa ndiye huonja kwanza, na akishatoa neno, kumpinga ni kumtukana yeye na waliomzaa. Pipa akameza.

"Safi," akasema.

Wenzake wakamiminiwa, wakanusa, wakaonja, wakatazamana. Daktari akajikaza kisabuni akasema mvinyo huu una historia ndani yake. Josiane akakumbuka ghafla kwamba ana vyombo vya kuosha. Redio akatafuna vipande vitatu vya soseji kwa mkupuo, kisha ushetani ukamwingia.

"Kitu safi hivi, mbona mwenyewe unajinyima? Muongezeeni."

Pipa akanywa glasi ya pili. Jasho likamtoka kwenye masikio.

Mlango ukafunguliwa, Solène akaingia na buti za matope. Alikuja kumuuliza baba yake kwa mara ya mwisho, lakini alipoiona ile chupa akasahau ugomvi.

"Umefungua ya babu?"

"Onja, binti," Redio akawahi. "Uone kazi ya kizibo."

Solène akanusa, na Pipa akaona kwamba ameshajua. Pua ile aliifundisha mwenyewe, tangu binti akiwa hafikii kaunta. Sasa neno moja tu lingetosha kumshinda baba yake mbele ya mashahidi, na gazeti lingekuwa upande wake.

Akanywa mpaka tone la mwisho.

"Nzuri, baba," akasema. "Babu alijua kazi."

Pipa akashikwa na aibu, na juu ya aibu akampenda mtoto wake mno. Akaisukuma chupa kando.

"Umeharibika huu, binti yangu. Unanuka kadibodi. Waambie wa lori waje na vifuniko vyako."

Wote wakakimbilia sinki, Daktari mbele. Redio alipomaliza kutema akajifuta mdomo.

"Maadamu leo tunasema ukweli, Pipa, na ile uliyotufungulia Krismasi?"

"Ile ilikuwa safi."

Solène akamshika baba yake mkono.

"Na ile pia ilikuwa imeharibika, baba."